Mama Panya alivyopeleka panya shuleni, akarudi hana mtoto

Asubuhi, jua likiwa bado halijafika uani, mwanamke mwenye mabega mapana anapiga magoti mbele ya sanduku la mbao lenye wavu. Halifungui kwanza. Anatega sikio.

"Wakipiga kelele, ujue kuna ugomvi. Wakinyamaza kabisa, ujue kuna msiba," anasema bila kugeuka. "Mimi nataka niwasikie wanatafuna. Wakitafuna, basi nimeamka salama."

Leo wanatafuna. Anafungua kijimlango, anaingiza mkono, na kumtoa panya mweupe mwenye macho mekundu kwa kumshika shina la mkia. Anamlaza kwenye kiganja, anamgeuza tumbo juu, anampuliza manyoya ya kifuani ili aone ngozi. Mmoja ana jeraha sikioni. Anampaka dawa ya zambarau kwa kipande cha pamba na kumtenga na wenzake.

Masanduku yamepangwa kwenye rafu, ndani ya chumba kilichokuwa jiko. Jiko lenyewe lilishahamia barazani. Chini ya kila sanduku kuna maranda ya mbao ambayo fundi seremala wa mtaa wa pili humpa bure, kwa sharti kwamba asiyafuate mwenyewe wakati wateja wapo.

Harufu ni kali. Inamshika mgeni mlangoni na haimwachi hata akiwa ameshafika kwake.

Mtaani anaitwa Mama Panya. Watoto humwita hivyo, mwenye duka humwita hivyo, hata mwenyekiti wa mtaa alipokuja kumhoji kuhusu malalamiko ya majirani alianza kwa kusema, "Sasa, Mama Panya..."

"Mwanzoni nilikuwa nakasirika," anasema. "Siku hizi mtu akitaja jina nililopewa na wazazi wangu, nageuka kutazama anaitwa nani."

Panya wake si wa kuchezewa. Wananunuliwa na shule za sekondari zenye kidato cha tano na cha sita, ambako wanafunzi wa biolojia huwapasua ili kujifunza moyo ulivyokaa, utumbo ulivyojikunja, na mishipa ya damu inavyotoka na kurudi. Kila mwanafunzi anahitaji wa kwake. Msimu wa mitihani ukikaribia, walimu humpigia simu wakimbembeleza. Msimu ukipita, hawapokei simu yake.

Kazi hii hakuitafuta. Alikuwa mfagizi wa maabara katika shule moja ya serikali. Fundi wa maabara, mzee mpole aliyekuwa akifuga panya wa shule, alipostaafu alimkabidhi dume na jike.

"Akaniambia, 'Dada, usiwaachie wanafunzi, watawaua kwa njaa.' Nikawachukua kama mtu anayeachiwa mtoto wa jirani kwa siku moja."

Shule ilipopunguza wafanyakazi, yeye alikuwa wa kwanza kuambiwa aende. Aliondoka na ndoo yake, kandambili zake, na sanduku la panya ambalo hakuna aliyelidai.

Mumewe hakuvumilia. "Alisema nichague, yeye au panya. Nikamwomba anipe siku mbili nifikirie. Kilichomuudhi zaidi ni hizo siku mbili."

Anacheka mwenyewe, kisha anaacha ghafla, kana kwamba ameambiwa anyamaze.

Alibaki na binti mmoja, wakati huo bado mdogo wa shule ya msingi. Panya ndio waliomlea. Ndio walionunua sare, na taa, na kiti cha kusomea. Binti naye aliwalea panya. Aliwachemshia mahindi, akawabadilishia maji, akawapa majina ya walimu wake. Dume mnene kuliko wote alikuwa mwalimu mkuu.

"Siku mwalimu mkuu alipokufa, alilia mpaka homa ikampanda," mama anasimulia. "Nikamwambia, mwanangu, yule wa kweli bado yupo na kesho atakuchapa. Ndipo akanyamaza."

Binti alifaulu vizuri kidato cha nne. Alichaguliwa shule ya bweni ya wasichana, mji mwingine, kusoma fizikia, kemia na biolojia. Alitaka kuwa daktari, na mama hakuona ajabu yoyote katika hilo. Tangu akiwa mdogo mtoto yule alikuwa akimtazama panya mgonjwa na kusema, "Huyu anaumwa tumbo," na kweli anaumwa tumbo.

Siku ya kumpeleka shule, mama alibaki nyumbani. Panya majike kadhaa walikuwa karibu kuzaa, na jike aliyezaa akishtuliwa na mgeni hula watoto wake. Mjomba wa binti, kaka yake mama, ndiye aliyempeleka. Ndiye aliyeandikwa kuwa mlezi. Ndiye aliyekwenda vikao vyote vya wazazi baada ya hapo.

"Nilijiambia ni mara hii tu," mama anasema. "Sikujua siku ile nilikuwa najifuta."

Likizo ya kwanza binti alirudi. Alifua nguo zake mara mbili mbili, na alizianika kwa jirani. Likizo ya pili alisema shule ina masomo ya ziada. Ya tatu alikwenda kwa mjomba.

Mama hakupinga. Alimtumia ujumbe mmoja tu kwa simu ya mjomba, kumwomba aje ajifunze kupasua. "Nilimwambia, wenzako wanamwona panya mara moja kwa muhula. Wewe unao nyumba nzima. Njoo ukate, ukosee, ukate tena. Akajibu kwamba mwalimu anafundisha vizuri."

Kisha, binti akiwa kidato cha sita, simu ikaita kutoka namba ngeni. Alikuwa mwalimu wa biolojia wa shule ileile. Mfugaji waliyemtegemea alikuwa amehama, na mwalimu wa shule nyingine alikuwa amempa namba ya Mama Panya. Wanafunzi walikuwa na mazoezi ya vitendo wiki ile. Je, angeweza kuleta?

"Sikumwambia kwamba mwanangu yupo pale. Nilitaka iwe furaha ya ghafla. Nilitaka anione naingia."

Alichagua panya wazuri kuliko wote. Alioga mara mbili. Alivaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya harusi ya kaka yake. Mkono mmoja alibeba sanduku, mkono mwingine mfuko: sabuni, mafuta ya kujipaka, karanga za kukaanga, na sweta alilolifuma mwenyewe kwa sababu mjomba alisema kule kuna baridi.

Mwalimu alimpokea getini na kumwongoza hadi maabara. Ndani wasichana walikuwa wamekwishavaa makoti meupe. Walisimama kando ya meza ndefu, mbele yao vibao vya kupasulia na pini.

Alimwona mara moja. Alikuwa kwenye meza ya pili, karibu na dirisha.

Mwalimu aliwaambia wanafunzi wamsalimie mgeni. Wakaitika pamoja, "Shikamoo, mama!"

"Na yeye alisema," mama anaeleza. "Nilimwona midomo. Shikamoo, mama. Kama wenzake."

Akaitika, "Marahaba, wanangu."

Lugha yetu ilimficha kila mtu. Mwanamke yeyote wa umri ule huitwa mama, na msichana yeyote huitwa mwanangu. Katika chumba kile watu wawili waliyasema maneno hayo kwa maana yake kamili, na hakuna aliyegeuza shingo.

Mama alifikiri ni kanuni ya shule. Alifikiri labda wanafunzi hawaruhusiwi kutoka kwenye nafasi zao. Aliinama kufungua kamba ya sanduku, akijiambia kwamba mwalimu akiwaruhusu tu, mtoto atamkimbilia.

Akiwa bado ameinama, alimsikia msichana mmoja akimuuliza mwenzake, "Yule mama mbona kama mnafanana? Unamjua?"

Na sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe ikajibu, "Huyo? Nimjulie wapi? Huyo mleta panya."

Wasichana wakacheka. Si kwa ubaya, anasisitiza mama. Walicheka kama watoto wanavyocheka.

"Kamba ilinishinda kufungua. Mwalimu akaja kunisaidia. Akaniambia, 'Mama, pole, umetoka mbali. Una mtoto yeyote anayesoma sekondari?' Alikuwa ananichangamsha tu, maskini. Nikanyanyuka. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amekauka kama mti. Nikasema, 'Sina.'"

Anachukua ufagio na kuanza kusukuma maranda yaliyomwagika, ingawa sakafu ni safi.

"Nilisema ili nimsaidie. Kama ameshasema hanijui, mimi nikisema namjua, wenzake watamla mzima. Nikasema sina. Tukakanana wote wawili, chumba kimoja, mbele ya watu."

Mfuko alirudi nao. Ndani ya basi alikaa na sanduku tupu miguuni na mfuko umejaa mapajani, na abiria wa pembeni akahama kiti kwa sababu ya harufu. Karanga alimpa kondakta. Sweta bado lipo, limekunjwa juu ya kabati.

Binti yake sasa anaishi nyumbani. Ni mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikubali kuzungumza siku mama alipokwenda kufuata maranda. Alikaa kwenye kizingiti, vitabu vya biolojia vimepangwa kando yake, na alisimulia bila kujitetea sana.

Usiku wa kwanza bwenini, alisema, msichana wa kitanda cha juu alinusa hewa na kuuliza, "Jamani, kuna panya amefia wapi humu?" Walitafuta chini ya vitanda vyote. Binti naye aliinama akatafuta pamoja nao, hali akijua harufu ilitoka kwenye blanketi lake.

"Kesho yake nililitupa lile blanketi. Waliponiuliza mama anafanya kazi gani, nikasema ni muuguzi. Basi ikawa hivyo. Kila muhula nilikuwa namwongezea cheo. Mpaka kidato cha sita alikuwa ameshakuwa msimamizi wa wodi."

Kuhusu siku ya maabara, alianza na neno la mama.

"Nilimsikia akisema hana mtoto," alisema. "Alinitazama machoni akasema sina. Mimi nilimkana kwa mwenzangu mmoja, kwa kunong'ona. Yeye alinikana kwa sauti."

Alipoulizwa kama anajua kwamba mama aliyasikia yale maneno ya kunong'ona, aliinua uso haraka. Hakujua. Alifunga kitabu kilichokuwa wazi, akakifungua tena ukurasa mwingine.

Baada ya siku ile shule iliendelea kununua panya kwa mama, lakini yeye hakurudi tena. Alikuwa akiutuma mzigo kwa basi.

Hata panya wa mtihani wa mwisho walitoka kwenye rafu zake. Binti aliingia chumba cha mtihani wa vitendo, akavuta kibao chake, akamkuta panya aliyelazwa kwa dawa, chali, tayari. Sikioni alikuwa na doa la zambarau.

"Nikajua ametoka nyumbani. Nikajua aliumana na mwenzake, mama akamshika na kumpaka dawa, akampuliza. Nikashika mkasi huku namtazama sikio. Sikuwa nimewahi kukata hata mmoja peke yangu. Darasani tulikuwa tunakata watatu watatu, na mimi nilikuwa naomba niwe mchoraji."

Alipofungua kifua, mkasi ulizama kupita kiasi na kukata mshipa mkubwa karibu na shingo. Damu ilijaa kifuani. Alitakiwa kuonyesha moyo na mishipa yake, achore anachokiona, aandike majina. Hakukuwa na kinachoonekana. Alichora alichokariri kitabuni, na msimamizi alipopita alitazama mchoro, akatazama kibao, akaendelea na safari yake.

Fizikia alifaulu. Kemia alifaulu. Biolojia alianguka, na bila biolojia hakuna chuo cha udaktari kitakachompokea. Rafiki zake wa bwenini wametawanyika vyuoni. Mmoja humtumia picha akiwa amevaa koti jeupe. Binti huzitazama, halafu huzifuta.

Alirudi nyumbani na begi lake bila kusema atakaa hadi lini. Mama alimpisha mlangoni. Alimuuliza kama amekula.

Hilo ndilo jambo walilozungumza siku ile. Tangu hapo wamezungumza mengi, juu ya chumvi, juu ya maji kukatika, juu ya panya gani aachishwe kunyonya. Juu ya maabara, hawajasema neno.

Sasa anajiandaa kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kila baada ya chai ya asubuhi, mama na binti hutoka uani, kwenye meza ya zamani iliyofunikwa plastiki. Binti huvaa glavu. Hawezi kumlaza panya. Amejaribu, ameshindwa, na mara moja alimwachia akakimbilia chini ya mlango wa jirani, ugomvi uliofuata ukafika tena kwa mwenyekiti.

Kwa hiyo mama ndiye anayemlaza. Humweka kwenye chupa yenye pamba ya dawa, hufunga kifuniko, na kugeukia ukuta mpaka mambo yatulie.

"Miaka yote nimewauza wazima," anasema. "Kilichowapata huko sikukiona, na sikutaka kukiona. Hawa nimewapokea wanazaliwa, wakiwa kama maharage mekundu, hawana hata macho. Sasa nawafunga kwenye chupa kwa mkono wangu. Usiniulize najisikiaje."

Mwandishi alishuhudia zoezi moja. Binti alibana miguu minne kwa pini, akakata ngozi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaifunua kama mtu anayefungua koti. Alitaja viungo kwa sauti ya chini: ini, wengu, kongosho, figo ya kushoto. Alipofika kifuani, alisimama.

"Polepole," mama alisema kutoka kwenye kiti chake, akichambua mchele. "Hakuna anayekukimbiza."

Mkasi ulipita. Damu haikumwagika. Moyo ulionekana, mdogo kama punje ya kunde. Binti aligeuka kumtazama mama, uso umechangamka kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa ameinamia ungo. Binti akageuka tena, akaanza kuchora.

Mtihani utafanyikia shule nyingine, upande wa pili wa mji. Binti anasema jambo moja limemkaa rohoni. Ana hakika shule hiyo itaagiza panya kwa mama, kwa sababu hakuna mfugaji mwingine anayejulikana. Na safari hii, anasema, ameshapanga.

"Nikimwona anaingia na lile sanduku, nitatoka kwenye foleni nikampokee. Mbele ya wote. Nitasema, huyu ni mama yangu. Nimeshajizoeza hata namna ya kusema."

Ni kweli kwamba shule hiyo ilipiga simu. Mama ndiye aliyesimulia, siku ya mwisho ya mazungumzo haya, akiosha vikopo vya maji vya panya. Oda ilikuwa kubwa. Ingewatosha kwa miezi.

Aliikataa.

Aliwaelekeza kwa kijana mmoja anayeanza ufugaji, ambaye yeye mwenyewe alimpa panya wa mbegu. "Siku ya mtihani mtoto anatakiwa awe na wasiwasi wa mtihani tu. Nikitokea pale mlangoni, ataanza kufikiria aseme nini. Mkasi utazama tena." Anasuuza kikopo, anakitazama kwenye mwanga, anakisuuza tena. "Na mimi pia. Sina moyo wa kusimama pale kungojea nisikie atanijibia nini mara ya pili."

Aliambiwa kile binti alichopanga. Alikausha mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Hayo kakuambia wewe," alisema. "Wewe ni mtu wa gazeti, leo upo, kesho hupo. Mimi nalala naye chumba cha pili, ukuta mmoja. Mbona mimi hajaniambia?"

Je, yeye mwenyewe amemwambia kwamba alimsikia?

"Hapana," alikiri. "Kila siku nasema leo. Tukikaa mezani namwona shingo ilivyokonda kwa kusoma, nasema acha kwanza afaulu."

Oda haiwezi kurudi. Kijana yule ameshaanza kutenga panya wa mtihani. Mama anasema akifaulu binti, atauza masanduku yote isipokuwa mawili, ili apate nauli na mahitaji ya mwaka wa kwanza chuoni. Asipofaulu, ataongeza rafu nyingine, na watakuwa wafugaji wawili. Anasema hivyo kwa sauti ileile, kama anayetaja bei za vitu sokoni.

Anapoulizwa yeye mwenyewe anatamani nini, si kwa ajili ya mtoto bali kwa ajili yake, anaonekana kama hajawahi kuulizwa. Anatazama mlango wa jiko la zamani, halafu barazani, ambako pana mikeka miwili na hakuna viti vya wageni.

"Hata siku moja hajawahi kuleta rafiki hapa," anasema. "Tangu akiwa darasa la pili. Sitaki anitambulishe mbele ya umati wa makoti meupe. Akifika huko chuoni akapata rafiki, amlete hapa. Mmoja tu. Aingie, aisikie hiyo harufu, akae, nimpikie ale. Mmoja anatosha."